Kiti cha dirishani ukirudi Lamu: kulia au kushoto?

Kabla ya kuomba kiti, tazama mwezi na saa ya safari. Hapo ndipo nilipokosea Januari ile nilipomrudisha mama kutoka kliniki Nairobi. Nilimweka dirisha la kulia nikitaka auone Kilimanjaro. Lakini Januari jua liko kusini, na ndege ya Nairobi kuja Lamu kusini yake ni kulia. Jua likampiga usoni njia nzima. "Mato yaniuma," akasema, akashusha pazia mpaka tukagusa ardhi Manda, kisiwa chenye uwanja wa ndege wa Lamu. Mzaliwa wa Shela, kijiji cha pwani cha kisiwa cha Lamu, kapita juu ya Shela asiione. Sikupata raha siku hiyo.

Basi shika hili. Miezi ya Novemba mpaka Februari keti kushoto, jua litakuwa ng'ambo ya pili. Ndege ikiondoka Nairobi asubuhi na mawingu yakiwa machache, utauona Mlima Kenya. Mei mpaka Agosti jua limehamia kaskazini, kwa hiyo keti kulia. Huko ndiko iliko Kilimanjaro, mita 5,895, kileleni kweupe juu ya mawingu.

Katikati ya safari ni nyika kavu, unaweza kupumzisha macho. Ila usilale ukaukosa Mto Tana, maji ya udongo yanayojipindapinda na kijani kimeshika kingo tu. Ukiuona, mikoko na mikono ya bahari haiko mbali.

Watu wengi huacha kuuliza habari ya maji. Maji yakijaa, bahari yetu ni buluu moja tu. Yakipwa, hasa bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, fungu za mchanga hutokeza, miamba huonekana na mikondo hujichora kati ya mikoko. Kwetu maji ya bamvua hupwa kabisa karibu saa nne au saa tano asubuhi. Ukiweza kuchagua siku, kata tiketi ya asubuhi wakati huo.

Kutua ni kazi ya upepo, kwa sababu rubani hutua akiukabili. Mji wa Lamu uko magharibi ya uwanja wa Manda, ng'ambo ya mkondo. Ndege ikitua ikielekea kusini, mji uko kulia kwako. Ikielekea kaskazini, uko kushoto. Ndiyo sababu msimu wa kusi, upepo ukivuma kutoka kusini, naupenda upande wa kulia kuliko wote.

Ndege ikipitia Malindi, kaa kulia bila kufikiri mara mbili. Utaona mto Sabaki ukimwaga maji mekundu baharini, kisha mabwawa ya chumvi ya Gongoni, kisha Ngomeni na majukwaa ya San Marco yaliyosimama majini. Hapo ndipo setilaiti ya Uhuru iliporushwa tarehe 12 Desemba 1970.

Kuhusu bawa: ndege nyingi za pangaboi zinazokuja kwetu zina bawa juu ya dirisha, kwa hiyo chini huoni kizuizi. Epuka tu safu iliyo sawa na injini. Kwenye jeti bawa liko chini, keti mbele yake. Herufi A ni kushoto. Ndege ndogo za uwanja wa Wilson, Nairobi, mara nyingi hazina namba za viti, basi panga foleni mapema.

Ukipiga picha, simu isiguse kioo, maana kinatetemeka. Mimi hufunika simu na kioo kwa ncha ya buibui, na mwako wa ndani haurudi kwenye picha.

Julai nilimrudisha mama tena, asubuhi ya bamvua, dirisha la kulia. Ndege ilipoinama akashika mkono wangu, akaonyesha mchanga mweupe. "Shela," akasema, na hakuondoa uso kiooni mpaka magurudumu yakagusa.

Ukirudi Nairobi, geuza yote: Julai keti kushoto, Januari kulia.