Namna ya Kulinganisha Shule za Kata Kabla ya Kuomba Uhamisho
Mzazi wa Manispaa ya Tabora anayetaka kumwombea mwanawe uhamisho aanze na matokeo ya kidato cha pili na cha nne, ambayo Baraza la Mitihani la Tanzania huyaweka kwenye tovuti yake, shule kwa shule. Asome ya miaka mitatu mfululizo, wala asihesabu daraja la kwanza pekee. Idadi ya waliopata sifuri, ikipimwa dhidi ya wote waliofanya mtihani, ndiyo inayonionyesha zaidi jinsi shule inavyomjali mwanafunzi anayesuasua. Kisha afike shuleni siku ya masomo, aulize walimu wa hisabati na sayansi ni wangapi, na aone kama maabara inatumika. Ada ilifutwa tangu 2016, hivyo aulizie michango. Umbali nao ni jambo zito, hasa kwa binti anayetoka nyumbani alfajiri msimu wa mvua.