Rangi ya sabuni isitoke na vitone

Bamama wenzangu mnaopika sabuni nyumbani, unga wa rangi msiumwage mkavu kwenye sufuria. Oksidi ya chuma, ile nyekundu au ya njano, haiyeyuki. Inajishika vidonge, na ukikata mche unakuta vitone kama pilipili manga kwenye supu.

Mimi kwa gramu 500 za mafuta natumia kijiko kimoja cha chai cha rangi na vitatu vya mafuta mepesi, niliyoyatoa katika yale yale niliyokwisha kupima, si ya kuongeza. Naponda kwa mgongo wa kijiko ubavuni mwa bakuli, mpaka nikipaka tone kwenye sahani nyeupe nisione hata chembe. Halafu kichujio cha chai. Rangi hiyo naimimina sabuni ikiwa imeanza kushika, kama uji mwepesi: ikiwa majimaji rangi inazama chini, ikiwa nzito mno haichanganyiki.

Mawese mekundu yatakuharibia bluu, itatoka ya matope. Bluu inataka mafuta meupe.

Tena hapa kwetu Lubumbashi malakiti, lile jiwe la kijani, inauzwa sana, na kijani chake kinavutia kweli. Usiisage! Ina shaba, na shaba inafanya mafuta yachache haraka. Vumbi lake nalo si la kuvuta puani. Rangi ya saruji ibaki kwenye sakafu. Tafuta ya vipodozi, hata kama bei inauma.

Glovu msivue wakati wa kukoroga, soda kostiki iliyomo kwenye sabuni bado ni kali.