Una mtoto mwenye ulemavu Dar es Salaam? Anzia hapa

Kazi yangu ni ustawi wa jamii. Wazazi wengi ninaowapokea wameshazungushwa mjini hadi wamechoka, na mara nyingi huduma ipo. Ila walibisha mlango usio wao, au waliufikia ulio wao wakiwa mikono mitupu. Fuata mpangilio huu.

Kabla ya yote: kama ni mchanga na kichwa kinakua haraka, au alizaliwa na uvimbe au kidonda mgongoni, nenda kituo cha afya leo hii na uombe rufaa ya Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI). Kichwa kikubwa na mgongo wazi havisubiri barua ya mtu.

Hatua ya 1: Fungua faili la mtoto

Nunua faili la plastiki, maana mvua za Dar unazijua. Weka kadi ya kliniki, cheti cha kuzaliwa (kama bado, tangazo la kizazi), kopi ya kitambulisho chako cha NIDA, picha za pasipoti na kila karatasi ya hospitali, hata iliyochakaa. Ongeza daftari: lini alikaza shingo, lini alikaa, anakula nini, anatumia dawa gani na kiasi gani. Kama anashikwa na degedege, mlaze ubavu, kisha mtu mwingine arekodi kwa simu. Daktari ataelewa zaidi kwa video fupi kuliko kwa maelezo ya nusu saa. Na baba naye ajue faili linakaa wapi. Nimechoka kusikia "mama yake ndiye anajua".

Hatua ya 2: Pita serikali ya mtaa

Anza kwa mjumbe, kisha mtendaji. Omba barua ya utambulisho yenye muhuri, inayotaja ulemavu wa mtoto na hali ya kipato chenu. Hapohapo uliza kama ameandikwa kwenye orodha ya watu wenye ulemavu ya mtaa. Wapo wanaoficha mtoto ndani kwa kuogopa maneno ya majirani, halafu fungu likija jina lake halipo. Toa kopi kadhaa za barua hiyo.

Hatua ya 3: Hospitali, ukiwa na rufaa

Zahanati ikuandikie rufaa ya hospitali ya mkoa: Amana, Temeke au Mwananyamala, kutegemea unakoishi. Kwa mguu kifundo (mtoto kuzaliwa na mguu uliopinda), mdomo sungura, matatizo ya macho na viungo bandia, wengi huishia hospitali ya CCBRT, Msasani.

Mguu kifundo unahitaji subira. Mtoto hufungwa plasta inayobadilishwa kila wiki, wengi hufanyiwa upasuaji mdogo wa mshipa wa kisigino, kisha anavaa viatu maalumu vyenye chuma, baadaye usiku tu, mpaka umri wa miaka 4 hivi. Wazazi wengi huviacha wakiona mguu umenyooka. Mguu hurudi kupinda, na kazi inaanza upya.

Kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo, usitoke kwa mtaalamu wa mazoezi kabla hajakuonyesha jinsi ya kumkalisha, kumbeba na kumlisha, nawe ukafanya mbele yake. Mtoto huyu asilishwe akiwa amelala chali: chakula kinaweza kuingia njia ya hewa. Kiti cha kumkalisha hata seremala wa mtaani anaweza kukitengeneza, ila vipimo vitoke kwa mtaalamu.

Huna hela? Ulizia ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali *kabla* ya kufika dirisha la malipo. Maombi ya msamaha huanzia hapo, na barua ya mtendaji ndiyo wanayoitazama kwanza.

Hatua ya 4: Shule

Nenda kwa afisa elimu maalum wa halmashauri yako. Kuna Buguruni Viziwi, Uhuru Mchanganyiko yenye wanafunzi wasioona na wenye ulemavu mwingine, Sinza Maalumu, na Matumaini ya Jeshi la Wokovu kule Kurasini kwa wenye ulemavu wa viungo. Tembelea kwanza. Uliza choo kikoje, mwalimu amesomea elimu maalum au amepangwa tu, na nani anamvusha mtoto barabara. Mtoto kiziwi asingoje umri wa darasa la kwanza. Lugha ya alama ianze mapema, nanyi nyumbani mjifunze.

Hatua ya 5: Fedha na wenzako

Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na kati ya hizo 10, asilimia 2 ni za watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023 ikarejea 2024. Muulize afisa maendeleo ya jamii wa kata masharti ya sasa, na usimpe mtu wa kati hata senti.

Vyama vipo kulingana na ulemavu: CHAVITA kwa viziwi, TLB kwa wasioona, TAS kwa wenye ualbino. Vingi viko chini ya SHIVYAWATA, shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu.

Mtoto akipigwa, akifungiwa ndani au akinyanyaswa, piga 116, simu ya huduma kwa mtoto. Ni bure.