Mazoezi yasiyokatika masika yakianza

Kila Januari kikundi chetu cha jogingi hapa Temeke hujaa. Ikifika Aprili, mvua imeshawapukutisha wengi. Wanaobaki si lazima wawe wenye nguvu zaidi. Ni wale ambao mazoezi yana saa yake. Wageni nawaelekeza hivi.

1. Yafunge kwenye jambo usiloliacha. Ukisubiri nafasi, haitapatikana. Chagua: ukishatoka swala ya alfajiri, ukishampandisha mtoto basi la shule, au ukishashuka daladala jioni. Wa jioni, badilisha nguo upesi utoke. Ukishakaa kwenye kochi, basi tena. Kwa joto la Dar mimi napendelea alfajiri, maana saa mbili jua limeshakuwa kali.

2. Anza chini ya uwezo wako. Wiki mbili za kwanza, dakika kumi tu: tembea dakika mbili, kimbia polepole dakika moja, rudia mara tatu, malizia kwa kutembea. Utatamani kuongeza. Usiongeze! Maumivu ya kesho yake ndiyo yanayowarudisha watu kitandani. Mwendo upime kwa mdomo: sentensi nzima itoke, lakini kuimba ushindwe. Mwenye presha, kisukari au kifua kinachobana amwone daktari kwanza.

3. Andaa usiku. Raba na soksi zikae mlangoni. Kina dada, kama mtaa wenu una giza, tokeni wawili au zaidi.

4. Pandisha taratibu. Ongeza dakika tano kila baada ya wiki mbili hadi ufike 30, siku tano kwa wiki. Hapo umetimiza dakika 150, kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri kwa mtu mzima. Linataka pia mazoezi ya misuli angalau siku mbili kwa wiki, na hayo ndiyo yatakayokuokoa kwenye hatua inayofuata.

5. Jipangie masika na Ramadhani mapema. Hapa ndipo wengi wanapopotea, na inaniuma kwa sababu dawa yake ni ndogo. Mvua ikinyesha, saa ibaki ileile. Badilisha zoezi tu. Egemeza kiti ukutani kisiteleze. Kaa ukingoni, miguu upana wa mabega, visigino vyote chini. Inuka bila kushika kitu, kisha shuka ukihesabu hadi tatu. Ukigusa kiti tu, inuka tena. Mara kumi, pumzika, rudia seti tatu. Ongeza pushapu za kusukuma ukuta.

Ukifunga, tembea mwendo mwepesi nusu saa ya mwisho kabla ya futari, ili ukimaliza maji yawe karibu. Anayeona kiu inamzidi asubiri baada ya tarawehe.

6. Ukikosa siku, usijilipize. Mwaka 2009 Phillippa Lally na wenzake wa University College London walichapisha utafiti kuhusu kujenga mazoea: kwa wastani ilichukua siku 66, wengine 18, na wengine walikadiriwa kuhitaji hadi 254. Kukosa siku moja hakukuwaharibia. Kwa hiyo kesho rudi saa ileile, kwa kipimo kilekile. Kama ni malaria iliyokulaza wiki nzima, subiri upone kabisa, kisha anza upya na zile dakika kumi.