Usiikatae LibreOffice kabla hujapanga muonekano wake

Wengi wakifungua LibreOffice, ile programu ya ofisi ya bure ya kuandikia na kufanyia hesabu, mara ya kwanza wanaifunga haraka tu, na sio kwamba haifanyi kazi, ni vile macho yameshazoea ile riboni ya Microsoft (ule ukanda wa vichupo na batani juu) iliyokuja na Office 2007, sasa ukikuta menyu za kizamani na batani ndogondogo unajiona umepotea kabisa.

Fanya hivi. Fungua Writer, ile ya kuandikia, nenda View, bonyeza User Interface, chagua Tabbed, inayofanana na riboni, halafu Apply to All ili Calc ya hesabu na Impress ya slaidi nazo zibadilike. Hii ipo rasmi tangu toleo la 6.2 la mwaka 2019, kama yako ni ya zamani zaidi apdeti kwanza. Laptop yako ina skrini ndogo? Chukua Tabbed Compact, inakuachia nafasi ya kuandikia.

Ukiona bora ubaki na Standard Toolbar, ule muonekano wa mwanzo, ingia Tools, Customize, kisha Toolbars, na kwangu mimi hapa ndo penyewe, maana unatoa batani usizozigusa kabisa unaweka zile za kila siku. Mama mdogo anachapa barua za kikundi chao cha vikoba, nilimwachia chache tu, kuhifadhi, kuprinti, kukoleza maandishi na jedwali, tangu siku hiyo ukimtajia programu nyingine hataki hata kusikia.

Shotikati za kibodi unazipanga hapohapo kwenye Keyboard. Ukivuruga, bonyeza Reset.