Jinsi ya kufuatilia jina la ukoo la Kiingereza, tuchukue Walker

Kwanza usikimbilie maana ya juu juu, watu wakiona Walker wanadhani babu yao alikuwa mzee wa kutembea tu, kumbe ni kazi ya nguo ya enzi hizo: kitambaa cha sufu kikishafumwa kinalowekwa kwenye maji na mkojo uliochacha, ndio, mkojo kabisa, halafu jamaa anakikanyagakanyaga weee mpaka mafuta ya kondoo yatoke na nyuzi zishikane. Huyo mkanyagaji ndo Walker.

Halafu cheki eneo, hapa ndo pananoga. Kazi ileile kule kusini-magharibi, Devon na jirani zake, waliita Tucker, kusini-mashariki wakaita Fuller, kaskazini kama Yorkshire ndo Walker. Kwa hiyo jina lenyewe linakupa pa kuanzia. Scotland nako baadhi ya kina Walker walitoka kwenye jina la Kigaeli Mac an Fhucadair, kazi hiyohiyo.

Kujua walikuwa wengi wapi, ingia FamilySearch, tovuti ya kutafutia ukoo, sensa ya Uingereza ya 1881 ipo bure, andika jina, chuja kwa kaunti. Usajili wa serikali wa vizazi, ndoa na vifo England na Wales ulianza Julai 1837, nyuma ya hapo nenda vitabu vya parokia, yaani kumbukumbu za kanisa za ubatizo, ndoa na mazishi, vingine vinafika 1538. Tahajia zilikuwa holela so jaribu na Walkere.

Na kwa vile Walker wamejaa kweli, Uingereza na Marekani kote, usitafute jina tupu, weka kijiji na jina la mke, la sivyo utaletewa maelfu ya watu msiojuana.