Kutetea mchoro kwa Kiingereza: anza na jengo unalolijua

Mwanafunzi wa usanifu majengo aliyeko likizo Lindi au Mtwara achore mkato (mchoro unaoonyesha jengo kana kwamba limekatwa wima) wa jengo moja la kale analoweza kulifikia, kama Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, kisha ajirekodi kwa simu akilieleza kwa Kiingereza bila kusoma popote, kidole kikifuata mstari kutoka msingi, kupitia nguzo na kuta za mawe ya matumbawe, hadi kwenye kuba, na kila sehemu aseme inabeba nini na kwa nini imekaa hapo. Jopo la wahadhiri ambalo mbele yake atatetea michoro yake chuoni huuliza sababu kabla ya kujali sarufi, na anayelijua jengo hahangaiki kutafuta la kusema, hivyo akili yake yote hubaki kwenye lugha. Akikwama asianze upya, bali aweke alama ya penseli papo hapo kwenye mchoro, kwa kuwa ndipo msamiati wake unapopungua. Zoezi hili halifai kwa ripoti wala insha za historia ya usanifu, ambazo hudai kusoma na kuandika, na halisahihishi matamshi pasipo msikilizaji anayekijua Kiingereza vizuri.